Kukaanga kahawa nyumbani: Tafuta soko kwanza, mashine baadaye

KILA msimu magunia ya kahawa hushuka kutoka milima ya Ugweno na Usangi kuelekea Moshi, ambako hukobolewa, hupangwa madaraja na kuuzwa mnadani. Sehemu kubwa huendelea na safari hadi ng'ambo ikiwa bado mbichi. Huku chini tambarare, katika maduka ya Kileo na vituo vingine vya wilaya ya Mwanga, anayetaka kikombe cha kahawa mara nyingi hununua kopo au pakiti iliyotengenezwa mbali na hapa.

Ndiyo maana baadhi ya wakulima na wafanyabiashara wadogo hujiuliza kwa nini wasikaange wenyewe. Swali linalofuata huwa ni moja: mashine ipi, na itapatikana kwa shilingi ngapi?

Swali hilo ni zuri, lakini limewahi kabla ya wakati wake. Chombo cha kukaangia si sehemu ngumu ya biashara hii. Kinachoamua faida ni kilo ngapi utauza kwa wiki, na buni zako zina ubora gani.

Bei ya msimu mmoja isikudanganye

Mwishoni mwa mwaka 2001 bei ya kahawa ya arabika katika soko la New York ilishuka chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili, yaani karibu nusu kilo. Februari 2025 bei hiyo ilivuka dola nne kwa ratili. Mkulima wa Upare hana sauti katika kupanda wala kushuka huko.

Bei ya kahawa mbichi inapokuwa chini, kukaanga huongeza thamani kwa kiasi kikubwa. Inapokuwa juu, kila kilo unayokaanga ni kilo uliyoinyima malipo mazuri. Kwa hiyo usiseme kahawa yako ni ya bure kwa kuwa imetoka shambani kwako. Ihesabu kwa bei ambayo ungelipwa kama ungeiuza.

Uzito hupungua mara mbili

Wengi hupotea hapa. Kilo 10 za kahawa iliyokaushwa ikiwa bado na ganda lake jeupe, yaani pachimenti, zikikobolewa hubaki karibu kilo 8 za kahawa safi. Ikikaangwa, kahawa safi hupoteza tena kati ya asilimia 15 na 20 ya uzito, kwa sababu maji hutoka na makapi huungua. Mwisho unabaki na kilo 6 na nusu hivi.

Tuchukue mfano tu. Kilo moja ya kahawa safi iwe Sh8,000. Kilo 10 zitagharimu Sh80,000, na zikikaangwa zitabaki kama kilo 8.3. Kilo ya kahawa iliyokaangwa imekwisha kugharimu zaidi ya Sh9,600 kabla hujalipia mkaa, mifuko, nauli na jasho lako. Atakayeiuza kwa Sh9,000 akidhani amepata faida ya Sh1,000 amekula mtaji wake.

Vyombo vya kuanzia

Cha kwanza ni kikaango kizito cha chuma au chungu cha udongo. Wauza kahawa wa pwani wamekaanga hivyo kwa vizazi vingi, wakatwanga kwa kinu na kuchemsha katika mabirika juu ya mkaa. Kikaango cha kawaida hubeba robo hadi nusu kilo kwa mkupuo, na kazi huchukua dakika 10 hadi 20. Sufuria nyepesi haifai, kwa kuwa huunguza buni upande mmoja na kuacha nyingine mbichi. Ubaya wa kikaango ni mkono: ukiacha kukoroga hata kidogo, rangi haitakuwa moja.

Cha pili ni pipa dogo la kuzungusha kwa mkono juu ya mkaa. Fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kulitengeneza lichukue kilo 2 hadi 5, na ndani akaweka mabapa ya kugeuza buni. Kwa anayeuza kila wiki, hiki ndicho chombo chenye uwiano mzuri wa gharama na kazi. Kabla ya kuagiza, ulizia ushauri ofisi ya SIDO mjini Moshi, au kwa wataalamu wa CAMARTEC na TEMDO mjini Arusha.

Cha tatu ni mashine ndogo ya umeme ya kutengenezea bisi, ambayo watu wa Marekani na Ulaya huitumia kukaangia kahawa ya nyumbani. Yenye nguvu ya wati 1,200 ikifanya kazi dakika 10 hula uniti 0.2 tu za LUKU. Tatizo ni kwamba hukaanga karibu gramu 80 hadi 100 kwa mara moja, hivyo kilo moja inahitaji zaidi ya mizunguko 10. Inafaa kwa familia au kwa kuonjea sampuli, haifai kwa biashara.

Mashine kubwa yenye mota na kipimajoto ni ya mwenye wateja tayari. Tuseme faida yako baada ya gharama zote ni Sh1,500 kwa kilo na unauza kilo 4 kwa wiki. Hizo ni Sh6,000. Chombo cha Sh300,000 kitarudisha fedha zake baada ya wiki 50. Cha Sh milioni tatu kitahitaji zaidi ya miaka tisa.

Mambo ya kuangalia

Usikubali pipa la mabati yenye zinki, kwa sababu likipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Pipa lililobeba mafuta, rangi au dawa za shambani pia lisitumike. Mkaa uwe umeshika vizuri, maana moshi huingia kwenye kahawa.

Sikiliza buni zinapokaangwa. Zikifika nyuzijoto 200 hivi hupasuka kwa mlio kama wa bisi. Kuanzia hapo kaa macho: baada ya dakika chache zitakuwa tayari, na ukichelewa zitakuwa majivu machungu. Zimwage kwenye ungo mara moja, zipepete makapi na kuzipoza kwa dakika tano. Ungo huo ni sehemu ya mtambo wako kama lilivyo pipa.

Kahawa iliyotoka motoni hutoa hewa, hivyo usiifunge kabisa siku hiyo hiyo, pakiti itavimba. Baada ya hapo iuze mapema. Ikiwa nzima hudumu na harufu yake kwa wiki kadhaa, lakini ikishasagwa huchuja upesi, hasa kwenye joto la tambarare. Kinu au mashine ya kusagia ya mkono vinatosha kusagia kiasi cha wiki moja.

Usisahau sheria

Kukaanga kahawa ya kunywa nyumbani ni jambo moja, kununua buni za jirani ili ukaange na kuuza ni jambo lingine. Biashara ya kahawa nchini huendeshwa kwa leseni, na tangu mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa ya wakulima ipitie vyama vya ushirika. Anza kwa kuuliza chama chako cha msingi na Bodi ya Kahawa Tanzania, ambayo makao yake makuu yako Moshi. Kuhusu usalama wa chakula kilichofungashwa, tangu mwaka 2019 jukumu hilo liko chini ya Shirika la Viwango, TBS.

Ushauri wetu ni huu: kaanga nusu kilo kwa kikaango kila wiki kwa miezi mitatu, uwauzie watu wa kijiwe kimoja na mama lishe mmoja, na uandike kila shilingi daftarini. Wateja wakirudi hadi mkono ukachoka kukoroga, agiza pipa. Wasiporudi, utakuwa umepoteza kilo chache za kahawa, na akiba yako itakuwa salama.