Ati ulimwengu una miaka bilioni 26? Ebu tulieni kwanza

Kila baada ya miezi michache kuna video inarudi TikTok na kwenye makundi ya WhatsApp. Muziki wa kutisha, picha ya galaksi, na sauti ya jamaa akitangaza kwamba darubini ya James Webb imemaliza sayansi. Ati ulimwengu umezidi umri tuliofunzwa karibu mara mbili. Ati Mlipuko Mkuu haukutokea. Ukishuka kwenye komenti unapata watu wanashangilia: si tuliwaambia hao wanasayansi ni waongo!

Msimamo wangu ni kwamba hiyo video inapotosha na tuache kuisambaza. Hata hivyo, kuna kitu kimetikisika kweli huko juu, na ni kitamu kuliko hiyo video.

Tuanze na mtambo wenyewe. Webb ilirushwa Siku ya Krismasi 2021, na sasa iko kama kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Kioo chake kikuu kina upana wa mita 6.5 na kimeundwa kwa vipande 18. Inanasa miale ya infraredi ambayo macho yetu hayaoni. Hapo ndipo nguvu yake ilipo, manake ulimwengu unapanuka, na mwanga uliosafiri mabilioni ya miaka unavutika njiani kama lastiki hadi unatufikia ukiwa infraredi. Na kwa sababu mwanga huchukua muda kufika, ukitazama mbali unatazama zamani.

Picha za kwanza zilitolewa Julai 2022. Februari 2023, timu iliyoongozwa na Ivo Labbé ikachapisha katika jarida la Nature habari ya galaksi sita zilizoonekana nzito kupita kiasi. Zilikuwepo takriban miaka milioni 600 baada ya Mlipuko Mkuu, na moja ilikadiriwa kuwa na nyota nyingi kama galaksi yetu hii. Kulingana na hesabu za kawaida, muda huo haukutosha galaksi kunenepa hivyo.

Fikiria umeingia darasa la PP1, na kwenye dawati la nyuma kuna mtoto mwenye ndevu. Utaelezaje? Labda cheti chake cha kuzaliwa kina tarehe ya uongo. Labda watoto wa mtaa huo hukua haraka kuliko tulivyodhani. Ama labda ndevu ni za kubandika.

Ile video imechagua jibu la kwanza, na haikulitoa hewani. Julai 2023, Rajendra Gupta wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, alichapisha utafiti unaopendekeza ulimwengu una miaka bilioni 26.7. Alifufua wazo la zamani, lililotolewa na Fritz Zwicky mwaka 1929, kwamba mwanga huchoka na kupoteza nguvu ukisafiri mbali, akalichanganya na wazo kwamba baadhi ya namba za msingi za fizikia hubadilika kadiri muda unavyosonga. Ni mtafiti halali na jarida ni halali. Lakini pendekezo la mtu mmoja ni mwanzo wa mjadala, na linafaa kujibu maswali.

Swali la kwanza: nyota zinasemaje? Nyota kongwe zaidi ambazo umri wake umekadiriwa vizuri katika galaksi yetu zina miaka kama bilioni 12 au 13. Kama ulimwengu una bilioni 26.7, mbona hatukuti nyota za bilioni 18 ama 20? Nyota ndogo huwaka kwa muda mrefu sana, kwa hivyo zingekuwa bado zipo. Swali la pili: joto lililobaki baada ya Mlipuko Mkuu, ambalo bado limeenea angani kote, linasemaje? Satelaiti ya Ulaya inayoitwa Planck, iliyorushwa 2009, ililipima kwa makini, na matokeo ya 2018 yakatoa miaka bilioni 13.8, kukiwa na nafasi ya kukosea ya kama miaka milioni 20 tu. Ukitaka kutupa namba hiyo, lazima ueleze upya vipimo hivi vyote, sio zile galaksi sita peke yake.

Sasa ndevu za kubandika. Mwaka 2024, watafiti wakiongozwa na timu ya Chuo Kikuu cha Texas huko Austin walionyesha kwamba baadhi ya galaksi hizo zilionekana nene kwa sababu ndani yake kuna mashimo meusi yanayomeza gesi. Gesi hiyo huwaka vikali kabla ya kumezwa, na mwanga wake ulikuwa unahesabiwa kama wa nyota. Ukiziondoa hizo, zinazobaki hazivunji sheria yoyote. Lakini hata hapo galaksi nzito bado zilikuwa karibu mara mbili ya zilizotarajiwa, kwa hivyo huenda watoto wa mtaa huo hukua haraka kweli.

Na ushahidi wa hilo unaongezeka. Mei 2024 ilitangazwa galaksi inayoitwa JADES-GS-z14-0, ambayo tunaiona ilivyokuwa miaka kama milioni 290 baada ya Mlipuko Mkuu. Baadaye darubini ya ALMA iliyoko Chile ikakuta oksijeni ndani yake. Oksijeni hupikwa ndani ya nyota, kwa hivyo mapema hivyo tayari kulikuwa na nyota zilizozaliwa, zikaishi na kufa. Hii ndiyo habari ya kukunyima usingizi, na haihitaji kubadilisha umri wa ulimwengu hata kidogo.

Kuna pia ubishi mwingine ambao video hazigusi. Vipimo vya Planck vinasema ulimwengu unapanuka kwa kasi ya kama kilomita 67 kwa sekunde kwa kila megaparseki, yaani kwa kila umbali wa miaka-mwanga milioni 3.26. Timu ya Adam Riess, ikipima kwa nyota na supanova, inapata kama 73. Timu ya Wendy Freedman wa Chicago, ikitumia Webb, imepata karibu 70. Ona kichekesho: kasi kubwa humaanisha ulimwengu ulitumia muda mfupi zaidi kufika ulipo. Ubishi huu ukiwahi kugusa ile bilioni 13.8, basi huenda ukaishusha, sio kuipandisha hadi 26.

Kinachoniuma ni jinsi watu wanavyotumiwa. Mwaka 2022 mwanaastronomia Allison Kirkpatrick wa Chuo Kikuu cha Kansas alimwambia mwandishi wa Nature kwa utani jinsi picha za Webb zilivyomfanya akeshe akijiuliza maswali. Mtu mmoja anayepinga Mlipuko Mkuu akayachomoa maneno hayo na kuyafanya ushahidi, hadi mama wa watu akabadilisha jina lake kwenye Twitter kutangaza kwamba Mlipuko Mkuu ulitokea. Mwanasayansi akikiri ana swali, anageuzwa shahidi dhidi yake mwenyewe.

Na somo tunalopewa vijana ni baya: mtu akipima upya na kurekebisha hesabu, basi ni mwongo. Hoja hiyo hiyo kesho inatumiwa kwa chanjo, kesho kutwa kwa dawa ya presha ya nyanya yako. Ilhali kurekebisha ndiko kulikotufikisha hapa. Kasi aliyopima Edwin Hubble mwaka 1929 ilimaanisha ulimwengu una miaka kama bilioni 2 pekee, na mawe ya dunia yakaonekana kuuzidi umri! Mwaka 1952 Walter Baade akatangaza kwamba nyota zilizotumika kupimia ni za aina mbili zilizokuwa zimechanganywa, na umbali ukaongezeka mara mbili. Waliogundua kosa walikuwa wapimaji wenyewe.

Wala msiseme haya ni mambo ya ng'ambo. Satelaiti ya kwanza kutengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Data yake ilisaidia wataalamu kushuku kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi, jamii ile ile ya mashimo yanayowavalisha watoto ndevu leo.

Mimi nilitoka koleji kabla ya kumaliza. Sina cheti cha fizikia, na sikuhitaji kimoja kuyajua haya. Picha za Webb ni za bure, na tafiti nyingi ziko arXiv bila malipo. Ni bando tu na subira. Kwa hivyo video hiyo ikitua tena kwenye simu yako, mwulize aliyeituma maswali mawili: nani alipima, na zile nyota za bilioni 20 ziko wapi? Akikosa jibu, mtumie hii ya oksijeni badala yake.