Gharama za Gari na Wajibu wa Mlinzi wa Barabara

Askari wengi waliohamishwa kutoka mji wa bandari kwenda wilaya za mbali wamekwisha kujionea kwamba gari lile lile, lenye injini ile ile na dereva yule yule, hula fedha nyingi zaidi liendako kuliko lilikotoka. Wako wanaolaumu ulanguzi peke yake. Ulanguzi upo, wala hatuutetei. Lakini jambo hili lina mizizi mirefu zaidi, na mmoja wa mizizi hiyo umo mikononi mwetu sisi tuliovaa sare.

Tuanze na mafuta. Nchi za pwani yetu huagiza ng'ambo petroli na dizeli zilizokwisha safishwa. Hata kiwanda cha kusafishia mafuta cha Mombasa kiliacha kazi hiyo mwaka 2013. Kwa hiyo bei huanzia bandarini, na hupanda kadiri lori linavyokwenda mbali. Nchini Tanzania, EWURA hutangaza kila mwezi bei za kikomo kwa mji mmoja mmoja, na alipitiaye jedwali hilo ataona kwamba mwenye gari wa Kyerwa, mkoani Kagera, hulipa zaidi kwa lita kuliko wa Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, ambako meli hupakua. Nchini Kenya ni vivyo hivyo: Mombasa hulipa pungufu ya Nairobi, na Mandera hulipa kupita miji hiyo miwili. Tofauti hizo si dhuluma. Ni nauli ya lori, imeandikwa wazi, na kila mwananchi aweza kuisoma.

Sasa tuitazame pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Kwa ramani peke yake mtu angedhani kuwa hapa gari lingekuwa rahisi kulitunza, kwani bandari ya Pemba imo jimboni humu humu. Zaidi ya hayo, chini ya bahari iliyo mbele ya Palma kuna gesi nyingi iliyogunduliwa mwaka 2010, na shehena ya kwanza ya gesi ya kimiminika ilisafirishwa mwezi Novemba 2022 kutoka mtambo uitwao Coral Sul, unaoelea baharini. Lakini pikipiki ya muuza samaki haiendi kwa gesi hiyo. Petroli yake aghalabu huletwa kwa lori kutoka kusini, na ingawa kutoka Pemba hadi Palma kwa njia ya ndege ni kama kilomita 250 tu, barabara huzunguka bara kwa Sunate, Macomia, Awasse na Mocímboa da Praia, na kufanya safari ya zaidi ya kilomita 400.

Barabara hiyo ndiyo ipangayo bei. Mwishoni mwa Desemba 2019 mvua ilibomoa daraja la mto Montepuez, na wilaya za kaskazini zikatengwa na Pemba kwa njia ya kawaida. Ndugu zetu wa Lindi na Mtwara wayajua mateso ya namna hii. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, magari yao yalingoja kivuko kwenye mto Rufiji, na masika yalipokolea safari ilikuwa bahati nasibu. Hata Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata tena barabara yao. Upande wa Ruvuma, Daraja la Umoja lenye urefu wa mita 720 lilifunguliwa mwaka 2010, nalo ni kazi ya kujivunia; ila liko Negomano, mbali sana juu ya mto, na mfanyabiashara wa Palma anayetaka kipuri kilichopo Mtwara hapati nafuu kubwa kwa kulizungukia.

Juu ya hayo yote vikaja vita, vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Mji huo ulikaa mikononi mwa adui kwa mwaka mzima, tangu Agosti 2020 hadi Agosti 2021, na Palma ilishambuliwa Machi 2021. Mafundi walikimbia, na gereji zikafungwa. Springi ikivunjika mahali pasipo na gereji, mwenye gari hulipia springi, tena hulipia nauli ya springi, tena hulipia chakula cha dereva na utingo kwa siku zote za kungojea. Kwa vipindi kadhaa magari yamelazimika kwenda kwa misafara chini ya ulinzi. Ulinzi huo ni wa lazima, lakini lori lililosimama halina faida kwa mwenyewe, na siku alizopoteza barabarani huzirudisha kwa kupandisha bei ya shehena. Chumvi ya bahari, ambayo hula bodi ya gari Zanzibar na Lamu kama hapa, ni gharama ndogo ukilinganisha na hizo.

Gharama hizi tulizozitaja hazimalizwi na askari kwa siku moja. Iko moja awezayo kuimaliza leo, nayo ni mkono unaonyooshwa dirishani pa dereva. Malalamiko ya madereva juu ya kutozwa fedha vizuizini si mageni, na hayafai kunyamaziwa kwa hofu ya kuchafua jina la jeshi. Kinachochafua ni kitendo chenyewe. Tuchukue mfano wa hesabu. Gari dogo limebeba mapipa 5 ya petroli, kila pipa lita 200. Likisimamishwa mara 4, na kila mara dereva akatoa metikali 500, zimekwenda metikali 2,000, yaani metikali 2 juu ya kila lita. Mwenye mapipa ataongeza, mwenye meza ya chupa kando ya nyanya ataongeza, na mgonjwa anayepelekwa zahanati kwa pikipiki ndiye atakayelipa. Bei hiyo haimo katika jedwali lolote la serikali.

Hasara yake kwa ulinzi ni kubwa kuliko hizo metikali. Dereva wa lori huona mengi kuliko doria: moto uliowashwa mahali pasipo kijiji, kundi la wageni, daraja lililochimbwa. Dereva aliyenyang'anywa asubuhi hatasema jioni alichokiona mchana.

Twapendekeza kwamba katika kila kizuizi daftari liandikwe namba ya gari, saa lilipofika na saa lilipoondoka. Kamanda alisome kila jioni. Gari lililokaa saa mbili kwa ukaguzi wa dakika kumi, aulizwe aliyekuwa zamu.