Mabalako: Gunia la wazi lenye mfuko ulioshonwa ndani

Jamaa mlioacha vijiji vyenu kwa ajili ya vita, leo nazungumzia ile simu inayowaandikisha.

Ajenti anafika, anauliza jina, hesabu ya watoto, kijiji mlikotoka. Kisha anabonyeza, simu inachukua mahali mnapolala. Tukiuliza, tunajibiwa tusiogope, programu ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayotuhusu.

Nusu ya kwanza siipingi. KoboCollect, inayotumiwa sana na mashirika ya misaada, imejengwa juu ya ODK, kazi iliyoanza 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Leseni ya ODK ni Apache 2.0: yeyote anaweza kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Ni zawadi nzuri.

Lakini mkulima wa kakao wa Mangina anajua kwamba mnunuzi halipi kabla ya kuingiza mkono ndani ya gunia. Je, akikuta katikati mfuko mwingine ulioshonwa, akaambiwa huo usiguse? Programu nyingi za wazi ziko hivyo. Ndani yake mna vipande vya kampuni, ambavyo mafundi wanaviita maktaba, na msimbo wake umefungwa. ODK Collect yenyewe inabeba maktaba ya ramani ya Google. Mafundi wake hawakuficha jambo hilo, na katika mipangilio unaweza kuchagua ramani ya OpenStreetMap. Anayeficha ni yule anayetuletea simu na kusema "yote ni wazi" bila kutaja kilichoshonwa ndani.

Kwa nini tujali? Kwa sababu kwenye simu za Android, ukiipa programu ruhusa ya kujua mahali ulipo, kila kipande kilicho ndani yake kinaingia na ruhusa hiyo hiyo. Sisemi kwamba kipande fulani kinaiba. Nasema hatuna njia ya kukifungua tuhakikishe. Na huku kwetu, ambako watu wanawindwa usiku, mahali mama anapolala na watoto wake si habari ya kuchezea.

Watatuambia kwamba leseni inaruhusu. Kweli, Apache inaruhusu kuchanganya. GPL ni kali zaidi: ukigawa programu yake, kwa kawaida unadaiwa pia msimbo wa vipande vilivyounganishwa nayo. Lakini leseni ni mapatano kati ya mafundi na makampuni. Aliyeandikishwa kwenye foleni hakuwepo walipopatana.

Tena, mwenye mfuko anaweza kubadili masharti siku yoyote. Desemba 2020, kampuni ya Mapbox ilitoa toleo la pili la programu yake ya ramani, Mapbox GL JS, likiwa na leseni iliyofungwa, wakati la kwanza lilikuwa wazi. Mafundi walichukua toleo la zamani wakaliendeleza kwa jina la MapLibre. Waliweza kwa sababu msimbo ule ulikuwa wazi. Ungekuwa umefungwa tangu mwanzo, wangebaki mikono mitupu.

Wengine watasema: nani hapa Mabalako atasoma msimbo? Vijana wetu wanaosomea informatiki Beni na Butembo watausoma, wakipewa nafasi. Na hata asipousoma mtu leo, mlango ulio wazi unamtia adabu anayeingia.

Tumeshaona gharama ya mambo yasiyoelezwa. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia hapa Mangina, watu wengi hawakuwaamini waliokuja kuwasaidia. Hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Wakati huo huo, watu wa kujitolea walichora vijiji vyetu kwenye OpenStreetMap, na ramani hiyo bado iko wazi kwa kila mtu.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuandika jina la mtu, shirika litaje programu yake na kila kipande kilichofungwa ndani. Pili, penye kipande cha wazi kinachofanya kazi ile ile, kile kilichofungwa kitolewe. Tatu, mradi ukiisha, tuambiwe habari zetu zinabaki kwa nani. Nchi yetu ina Kanuni ya Dijitali tangu Machi 2023, nayo inalinda habari za mtu binafsi. Isibaki karatasi ya Kinshasa tu.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mgeni akija na gunia, alifungue lote mbele ya mwenyeji.