Mwili Haupunguzwi kwa Kidonge

Uzito wa mwili huongezeka pale nguvu zinazoingia kwa chakula na vinywaji zinapozidi zile zinazotumika kwa kazi, mwendo na uhai wenyewe. Gramu 1 ya mafuta hutoa kilokalori 9; gramu 1 ya wanga au ya protini hutoa kilokalori 4. Kinachozidi hakipotei. Mwili hukiweka kuwa akiba ya mafuta, kama mkulima anavyoweka mtama ghalani, na akiba hiyo haitoki mpaka ihitajiwe. Kupunguza uzito, basi, ni kuulazimisha mwili kwa upole ufungue ghala lake. Shauri lolote lisilogusa kinacholiwa wala kazi inayofanywa, lijapokuja ndani ya kichupa chenye maandishi ya dhahabu, lapasa kutiliwa shaka.

Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, ni nchi ya pamba, mahindi, mtama, viazi vitamu na ng'ombe. Katika kata kama Shishiyu, wilayani Maswa, mtu aliyelima kwa jembe, akateka maji kwa miguu na kwenda mnadani kwa miguu, angeweza kula ugali mwingi na usimnenepeshe. Siku hizi wapo wanaoshinda dukani, ofisini au juu ya pikipiki, na sahani yao ni ile ile ya mlimaji. Juu yake huongezwa chapati, maandazi, chipsi na soda. Hali hii ni ya nchi nzima: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kwamba takriban wanawake 28 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Unene huo ukikaa sana huandamana na shinikizo la damu, kisukari cha aina ya pili, maradhi ya moyo na maumivu ya magoti.

Kipimo chake hakihitaji mashine kubwa. Uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likifika 25, uzito umezidi. Likifika 30, ni unene wa kupindukia. Mtu mzima mwenye urefu wa mita 1.6 huvuka kiwango cha kwanza kwenye kilo 64, na cha pili akikaribia kilo 77. Kiuno nacho husema: kinapozidi sentimita 80 kwa mwanamke, au 94 kwa mwanamume, hatari huanza kupanda. Jambo lisilofaa ni kupima kwa macho ya majirani. Wengi huuona unene kuwa dalili ya neema, na wembamba kuwa dalili ya ugonjwa, hata anayejitahidi kupungua akaandamwa na minong'ono. Maneno ya mtaani yasimrudishe nyuma anayejua vipimo vyake.

Haraka ndiyo inayowapeleka watu kwenye vidonge, vifuko vya chai na unga wa "kupunguza tumbo" vinavyouzwa mkononi au kutangazwa kwenye simu. Baadhi ya bidhaa hizo huendesha tumbo, nyingine hukojoza. Mizani hushuka kwa sababu maji yametoka, huku mafuta yakibaki palepale. Madini ya mwili, hasa potasiamu, hupungua, na moyo waweza kupoteza mapigo yake ya kawaida. Nyingine huua hamu ya kula kwa kuusisimua ubongo na moyo.

Historia imeandika gharama ya haraka hiyo. Mwaka 1933 madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza kuwa kemikali iitwayo dinitrofenoli huyeyusha mafuta. Watu wengi waliimeza. Wengine wakapofuka kwa mtoto wa jicho, wengine wakafa kwa joto la mwili lisilozuilika, na kufikia 1938 ilitangazwa kuwa haifai kutumiwa na binadamu. Dawa ya fenfluramini iliondolewa sokoni mwaka 1997 baada ya kugunduliwa kwamba huharibu vali za moyo. Sibutramini nayo iliondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010, baada ya uchunguzi kuonyesha kuwa huongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye maradhi ya moyo. Pamoja na hayo, wakaguzi wa nchi mbalimbali wameendelea kuikuta imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za mitishamba. Mnunuzi husoma jina la mmea kwenye karatasi ya nje, naye hamezi mmea.

Zipo dawa halali za unene. Orlistati huzuia takriban theluthi moja ya mafuta ya chakula yasifyonzwe, na huweza kupunguza vitamini A, D, E na K mwilini. Sindano za semaglutidi hupunguza hamu ya kula, nazo hutolewa kwa uamuzi wa daktari na kwa ufuatiliaji wake. Hata hizo zinaghushiwa: mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya semaglutidi bandia. Tanzania Bara kazi ya kusajili na kukagua dawa ni ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyochukua nafasi ya Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) mwaka 2019. Dawa isiyosajiliwa, isiyotaja viambato vyake, au inayoahidi kilo 10 kwa wiki mbili, haistahili kuingia kinywani mwa mtu.

Je, njia ya chakula na mwendo ina nguvu ya kweli? Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulifuata watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Kundi moja lilielekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzito kwa kula kwa kiasi na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kundi jingine lilipewa kidonge cha metformini. Kwa kulinganishwa na waliopewa kidonge kisicho na dawa, kisukari kilipungua kwa asilimia 58 katika kundi la kwanza, na kwa asilimia 31 katika la pili. Miguu na sahani vilikishinda kidonge. Kwa mwenye kilo 80, asilimia 7 ni kilo zisizofika 6.

Sahani ya kupunguza uzito haitoki ng'ambo. Nusu yake ijazwe mboga: mlenda, mchicha, matembele, majani ya kunde, na yale yaliyokaushwa kwa ajili ya kiangazi. Robo iwe choroko, maharage, dengu, dagaa au samaki wa Ziwa Victoria, vipikwe kwa mafuta kidogo. Robo inayobaki iwe ugali, na ugali wa dona au wa mtama hushibisha kuliko wa sembe. Michembe na matobolwa ni chakula chema, lakini kiazi kilichokaushwa kimekusanya nguvu nyingi mahali padogo, hivyo kiliwe kwa kipimo. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye chupa. Kijiko kimoja cha chakula kina takriban kilokalori 120. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari isizidi asilimia 10 ya nguvu za siku, na kwamba gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai, ni kikomo bora zaidi. Soda moja peke yake huweza kukipita. Pombe nayo ina kilokalori zake, za kienyeji na za kiwandani.

Kazi ya mwili ndiyo mwenzi wa chakula. Dakika 150 kwa wiki ni sawa na nusu saa ya kutembea kwa kasi siku tano. Mkulima huzipita wakati wa palizi na mavuno ya pamba. Hatari humjia msimu unapokwisha, naye akaendelea kula vilevile. Mfanyabiashara na mtumishi wa ofisi hawana msimu, kwa hiyo na waiache pikipiki pale miguu inapotosheleza.

Mwendo salama ni nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki. Kupungua kwa kasi kubwa hula misuli na huweza kuleta mawe kwenye kibofu cha nyongo. Mjamzito asijipunguze; anayenyonyesha na mzazi wa mtoto mnene watafute ushauri kwanza. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge asiruke milo bila kumwona daktari, maana sukari yaweza kushuka ghafla. Na anayekonda bila kukusudia, hasa akiwa na kikohozi cha wiki mbili, homa au kiu kali, asishangilie: aende zahanati akapimwe kifua kikuu, kisukari na VVU.

Jambo hili lisiachwe mabegani mwa mtu mmoja. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 nchini kote, wakasikiliza redio kwa vikundi na kutekeleza pamoja. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Vikundi vya akina mama, vya kuweka akiba na vya ibada viko hata leo, na mzani mmoja unaweza kutumiwa na kikundi kizima. Mume asimdhihaki mkewe anayepunguza ugali. Naye apunguze wake. Muuza duka la dawa muhimu akatae kuuza asichokijua. Viongozi wa kata wawaripoti wanaochuuza vichupa mnadani kwa wakaguzi. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa mwendo huo huo kibaba hupunguzwa: ugali ulioachwa leo, soda iliyokataliwa kesho, na safari ya miguu kila siku ndivyo vinavyopunguza mwili na kuuacha mzima.