Sahihi ya Jirani

Fundi viatu mwenye bidii aendapo benki kuomba shilingi elfu kumi za kununulia ngozi, swali la kwanza ni la rehani. Je, ana hati ya shamba? Ana nyumba? Hana. Basi hurudi kwenye nyundo yake, ingawa kijiji kizima chajua kwamba hajapata kumdhulumu mtu hata senti moja. Habari hiyo ya kijiji ni mali, lakini si mali ambayo benki huweza kuitia kabatini.

Wako walioona njia ya kuitumia. Mwaka 1976, katika kijiji cha Jobra huko Bangladesh, mwalimu wa uchumi aitwaye Muhammad Yunus aliwakuta wanawake wakitengeneza vigoda vya mianzi. Fedha za mianzi walikopeshwa na wachuuzi, kwa sharti la kuwauzia hao hao vigoda vyao, tena kwa bei waliyoitaka wachuuzi. Kwa hiyo faida ilikuwa ndogo mno. Yunus aliorodhesha watu 42 wenye madeni kama hayo, akaona kwamba madeni yao wote pamoja yalikuwa dola 27 tu za Marekani! Akazitoa mfukoni mwake. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Benki ya Grameen mwaka 1983.

Hapa Kenya, shirika la K-Rep, lililoanzishwa mwaka 1984, lilianza mpango wa namna hiyo Kibera, Nairobi, karibu na mwaka 1990. Wenye biashara ndogo walijiunga watano watano, na kikundi chenyewe kikaitwa "watano". Waliweka akiba, na kila mmoja akawa mdhamini wa wenziwe. Mkopo wa kwanza huwa mdogo. Aliyelipa vema hupewa mkubwa zaidi. Hivyo muuza mboga hujifunza kuhesabu faida yake kabla ya kushika fedha nyingi. Kulipa kila juma kwamfaa yeye auzaye kila siku, lakini mkulima angojaye mavuno kwaweza kumwumiza.

Lakini jambo ambalo napenda wasomaji walifikiri sana ni udhamini. Vyama vingi vya akiba na mikopo humkopesha mwanachama hata mara tatu ya akiba yake. Tuseme ameweka shilingi 20,000, akakopa 60,000. Je, hizo 40,000 zilizozidi zalindwa na nini? Ni akiba ya wenziwe waliotia sahihi. Na wengi hutia sahihi kwa haya tu, kwa kuwa mwombaji ni shemeji, au walisoma pamoja. Hawamwulizi kama fedha ni za cherehani au za arusi, wala wateja watatoka wapi.

Mimi mwenyewe nilipata kumdhamini rafiki aliyetaka mashine ya kusaga mahindi. Nilijua kwamba ni mwaminifu, nikaona yatosha. Sikumwuliza kitu, ingawa soko letu lilikuwa tayari na mashine mbili, na kila Jumamosi nilizipita nikienda kununua sukari. Ya tatu ilikosa wateja. Deni lililobaki tulilipa wadhamini watatu kwa muda wa miezi kumi na mmoja. Mashine ingaliko, imefunikwa turubai, na mwenyewe akiniona njiani hunisalimu kwa mbali.