Kulala kwa tumbo haiko upumbavu

Tangu mwalimu wa fizike atufundishe juu ya vitu vinavyoanguka, mabishano hayaishi katika dortuari. Alisema kwamba watu wanaoruka toka ndege kwa michezo, na kuanguka kwanza mbele ya kufungua parashiti, wanajifunza nyumbani wakilala kwa tumbo juu ya sima. Wengi walicheka. Mtu mzima kunyoosha mikono chini sawa chura, njo kujifunza kuruka? Sisi wa klasi ya tano tunasema: ndiyo, njo vile.

Wazee wa Kolwezi wanakumbuka askari wa Ufaransa walioshuka tarehe 19 Mei 1978. Wale hawakuwa na lazima ya mazoezi haya, sababu kamba iliyofungwa ndani ya ndege ilifungua parashiti mara moja. Lakini mwenye kuruka toka metri 4.000 anaanguka karibu minuti nzima. Kiisha segonde 12 hivi hewa inamsukuma sawa na uzito wake, na mwendo unabaki karibu km 200 kwa saa. Mkono mmoja ukiwa chini kuliko mwingine, mwili unazunguka. Ukizunguka sana, mtu anaweza kuzimia, na kamba zinaweza kumfunga.

Basi kiuno kinapashwa kutangulia, kifua, mikono na miguu vibaki juu. Kunja karatasi kama faneli, uiachilie: ncha njo inakwenda chini. Mfaransa Léo Valentin alionyesha njia hii kiisha vita ya 1939-1945. Wengine wanatujibu: «Na yeye alikufa!» Kweli, alikufa Liverpool tarehe 21 Mei 1956, lakini siku ile alivaa mabawa ya mbao, na bawa liligonga ndege wakati wa kutoka. Mabawa njo yalimwua. Namna yake ya kulalia hewa, watu wanaifundisha mpaka leo.

Sasa, nyumbani wanafanya nini? Wanasukuma kiuno kwenye sima, wanainua kichwa, kifua, mikono na mapaja pamoja, magoti yamekunjika kidogo, segonde 30, halafu wanapumzika. Kwetu sisi, jambo kubwa ni kishikio cha parashiti. Mkono wa kuume unakwenda nyuma ya kiuno kukitafuta, na wakati uleule wa kushoto unapanda mbele ya kichwa. Ukisahau wa kushoto, unageuka. Jambo dogo, lakini mtu mwenye woga hakumbuki jambo dogo. Mwili wake utafanya tu kile ulichozoea, na mazoea hayo hayapatikani kule juu kwa minuti moja. Hata ile mashine ya upepo ya Ulaya na Marekani inaomba feza nyingi. Sima haiombi kitu.

Tunakubali, sima haiko hewa. Inakubeba, na juu yake mtu anakazana sawa ubao. Kule juu mwili uliokazana unatikisika. Njo maana inafaa kupumua polepole, tena kuwa na mwenzako wa kukutazama, sababu miguu yako mwenyewe hauioni. Tulijaribu: kila mmoja aliapa miguu yake iko sawa, na kila mara mmoja ulikuwa chini.

Na ninyi wadogo wa klasi ya kwanza, mliopanda muembe na shuka Siku ya Posho: hatuko upande wenu. Shuka haiko parashiti, na toka muembe hakuna hata segonde mbili za kuanguka, kuna kuvunjika mguu tu. Mazoezi tunayotetea hayatoki chini. Mwenye kutaka kujaribu aje kwa mkeka wetu kiisha chakula cha mangaribi, mbele taa hazijazimwa.