Mbwa Mmoja, Mabosi Watatu

Simba wetu alikuwa na mabosi watatu. Mimi namwambia "kaa", mume wangu "keti", mtoto na Kiingereza chake cha shule, "sit". Simba anatutazama tu, halafu huyoo!

Enzi za feri, hapa Busisi magari yalikuja kwa mafungu. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, malori ni usiku na mchana. Mwezi uliopita Simba alichomoka kulikimbiza moja, mtoto nyuma yake. Dereva akafunga breki. Mimi hata sauti haikutoka.

Usiku tulinuniana, kila mtu akimlaumu mwenzake. Asubuhi tukakubaliana: neno moja tu, "kaa". Dakika tano asubuhi, tano jioni, kabla hajala. Shika dagaa juu ya pua yake, sogeza taratibu kuelekea kisogoni. Akiifuata kwa macho, makalio yanashuka yenyewe. Mpe hapo hapo, ukichelewa hajui unamsifia nini. Fimbo weka mbali, mbwa anayekuogopa haji ukimwita. (Na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, jamani!)

Sasa anakaa getini. Mume wangu bado anajisahau, anasema "keti". Simba ananitazama mimi.